Kona ya Chini, Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe amepaka rangi sebule yake. Ameshusha picha zote ukutani. Anataka itundikwe moja tu, mpya, kubwa, ya familia nzima. Nilijitolea kuipiga kabla hajamaliza sentensi! Mwanyumba wangu alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Huyu ni mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Kimoyomoyo namwita Bwana Nadhifu. Mama mkwe humwita “mwanangu”. Mimi, baada ya miaka sita ya ndoa, bado ananiita “huyu wa kamera”. Picha za zamani alikuwamo Nadhifu katika nne. Mimi katika moja, tena kiwiko tu.
Safari hii ukuta ni wangu.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa fundi kamera. Uani kwa mama mkwe jua la asubuhi hupiga usoni, na lenzi yangu kuukuu ikipigwa na jua hutoa picha zilizopauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Inataka kikinga jua, yaani kibomba kifupi cha kukaa mbele ya lenzi. Fundi kapekua makabati yote. Hakuna kinachoingia. Lenzi za zama zile kila moja ina kipimo chake.
Kaniuzia filta ya njano, kile kioo cha rangi cha kufunga mbele ya lenzi kwa pete yake, nacho kimepasuka. Kasema ning'oe kioo, nibaki na pete, kisha nigandishe kibomba chochote juu ya pete. Akaanza kunieleza kwamba kwenye kamera hizi mtu hachungulii kupitia lenzi, huchungulia kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo niwe mwangalifu... Nikamwambia kamera hii ninayo miaka tisa. Watu wa ufundi wanapenda hotuba.

Ijumaa, 7 Juni
Kopo la maziwa ya unga. Nimelikata, nimelipaka rangi nyeusi ndani na nje, nimeligandisha kwenye pete. Kazi safi! Kisha nikaifunga pete kwenye lenzi. Ikagoma. Nikakaza. Ikagoma. Nikakaza kwa hasira.
Imeingia upande. Haitoki. Mke wangu kashauri niibane kwa soli ya kandambili, eti mpira hushika. Imechubua rangi, pete haikusogea hata unywele. Kopo limeinama chini kulia, ubavu wake unachungulia kidirishani kama jirani mmbea. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimechungulia kwenye kidirisha. Kopo linaziba kona nzima, chini, kulia! Nilitaka kulia. Kisha nikamwona mke wangu anapepeta mchele kwenye kigoda, kona hiyohiyo. Yaani kidirishani sikumwona. Hayupo! Kiti cha pembeni kipo, ukuta upo, mke hayupo.
Nikapata wazo.
Kesho, siku ya picha, Bwana Nadhifu atakaa kwenye kigoda. Kona ya chini, kulia. Hakuna atakayenilaumu. Mitambo ya kale ina mambo yake.
Mke wangu aliuliza nachekelea nini peke yangu. Nikasema jua zuri.

Jumapili, 9 Juni
Nimemaliza kazi! Watu kumi na wanne uani. Niliwapanga kama amiri jeshi. Mama mkwe katikati kwenye kiti. Nadhifu nikampeleka kwenye kigoda, nikamweleza kwamba mwanga wa pale unamkubali mtu mwenye uso kama wake. Akashukuru! Akapangusa kigoda kwa leso, akaketi, akanyoosha suruali. Akaniambia, “Kaka, unahangaika sana kwa ajili yetu.” Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo sana.
Nikachungulia. Nadhifu hayupo. Safi kabisa.
Nafasi yangu nilijiwekea nyuma, kushoto, juu ya kidaraja cha mlango, ili niwapite wote kwa kimo. Kamera ina kijiti: ukikivuta, inasubiri sekunde kumi ndipo ipige. Nikakivuta, nikakimbia, nikapanda, nikatabasamu. Tabasamu langu bora tangu harusini. Mama mkwe aligeuka akaniambia nimependeza. Mimi! Nilikaribia kudondoka.

Alhamisi, 13 Juni
Fundi amesafisha filamu. Alinipa picha huku akijikohoza.
Nadhifu yupo. Yupo mzima! Viatu vinang'aa, leso imechungulia mfukoni, hata vishikizo vya shati unaweza kuvihesabu. Kona ya juu, kushoto, ni giza. Giza zito, la mviringo. Chini ya giza hilo limesimama koti langu la kijivu. Tai yangu. Mikono yangu imekunjwa kwa heshima. Kichwa hakuna.
Fundi kaeleza. Kopo liliinama chini kulia, ubavu wake ukaziba kona hiyo ya kidirisha. Lakini lenzi imo ndani ya kopo, nayo ikazibwa na ukingo wa juu kushoto. Macho mawili, kila moja lina lake. Kasema ndicho alichotaka kunieleza siku ile. Nikasema nilikuwa najua.
Niliumia. Nasema ukweli, niliumia. Tabasamu lile halitarudi.

Jumamosi, 15 Juni
Mama mkwe ameipenda. Ameitundika! Kasema wanawe wote wametoka vizuri. Akasogea, akakazia macho, akauliza lile koti ni la nani. Mke wangu alikimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka huko, na dada yake naye.
Nikajibu ni mimi, mama. Mama mkwe akasema pole, huyu wa kamera.

Jumapili, 16 Juni
Bwana Nadhifu amekuja nyumbani mwenyewe. Kasema hakulala vizuri, haiwezekani kwenye picha ya familia mwanyumba wake akose kichwa. Ameshamwomba mama mkwe turudie Jumapili ijayo, naye kakubali. Safari hii nikae mimi kwenye kigoda, mbele, watu wanione. Yeye atapanda kidaraja cha mlango, nyuma, kushoto.
Moyo wangu uliyeyuka. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Nilimwita ndugu yangu, na nilimaanisha. Kwa miaka sita nimemdhania vibaya mtu mwema.
Alipoondoka nikatafuta kopo refu zaidi. Nimelipata, la biskuti, nitalivika juu ya lile lililogoma. Nimeshalipaka rangi, linakauka dirishani.
Mama mkwe amepiga simu jioni. Kasema naye amechoka kupigwa picha ameketi, Jumapili atasimama nyuma, kwenye kidaraja, ubavuni mwa mwanawe. Si tatizo. Nitaliinamisha kopo kidogo tu, limkwepe mama.