Harage Moja kwenye Kunde

Mashoga zangu wa Mbagala, leo uso wangu nimeuacha barazani kwangu mwenyewe, na hakuna wa kuniokotea.

Mnanijua. Hapa Mwananyamala hakuna arusi inayoalikwa bila miguu yangu. Naingia nyumba hadi nyumba, nashika mikono, nanong'ona sikioni, natoka. (Kadi ni za watu wasio na bibi.)

Kipupwe hiki mtaa mzima umelala mafua. Homa, kikohozi, watoto hoi. Nikatangaza bombani: kayaleta Mama Neema, jirani yangu, aliyekwenda kwao Njombe kwenye baridi. Watu wakaacha kununua maandazi yake. Nilifurahi? Nilifurahi.

Sasa mjukuu wangu Zuhura yuko chuo kikuu, anasomea hesabu za maradhi. Wiki nzima kapita nyumba zote kuuliza: nani kaugua siku gani, nani katembelewa na nani. Nikaona nafasi yangu hapo hapo! Leo asubuhi nikaita wanawake wa mtaa. Mama Neema nikamkalisha mbele, ahukumiwe na msomi wangu.

Zuhura katandika mkeka. Kila nyumba punje ya kunde, kila safari uzi.

"Kipupwe watu wanajifungia ndani, wanabanana," akasema. "Hizo ni kuni kavu. Lakini kaa la moto hubebwa na msafiri."

"Wa Njombe!" nikadakia.

"Hapana, Bibi. Mama Neema kaugua wa mwisho."

"Basi wa kwanza nani?"

Akajifanya ananyoosha uzi. Nikambana (mjinga mie!): "Sema, mwanangu, usimwogope mtu!"

Akagusa harage jekundu, peke yake katikati ya kunde. Nyuzi zote zimetokea hapo, kama miguu ya buibui.

"Hii nyumba yetu, Bibi."

Na uzi mmoja mrefu ukaenda mpaka Mbagala. Kwenye ile hitima yenu! Nilirudi nakohoa, nikawaambia watu ni vumbi. Kesho yake nikaanza kualika arusi.

Mama Neema, taratibu: "Pole na vumbi, Bibi."

Baraza zima likaangua kicheko. Badala ya kuomba msamaha, nikajifanya natengeneza mtandio. Mama Mwajuma, anayeoza binti mwezi ujao, akajifunga kanga: "Bibi, wewe pumzika. Ya kwangu ataalika Mama Neema."

Miaka yote hiyo ya kuzunguka, nimevuliwa kazi kwa punje!

Msinicheke. Nijibuni moja tu: kwenye ile hitima, nani alikaa kulia kwangu akinikoholea?