Shemeji na Fumbo la Leo

Jumapili, 18 Novemba 2012
Milio ya bunduki upande wa Kibati, nje ya mji, tangu asubuhi. Mchana akafika kutoka huko Landry, mdogo wa mke wangu Joviale. Godoro kichwani, viatu hana. Amepotezana na mke wake Apolline barabarani, katikati ya wakimbizi. Tumempa chai na maharage. Nimemhurumia sana.
Kisha akaokota gazeti langu la mafumbo ya namba, akajaza fumbo la leo. La leo! Kwa biki! Mimi kila siku najaza moja tu, kwa penseli, baada ya chai. Ndiyo raha yangu peke yake hapa duniani.

Jumatatu, 19 Novemba
Nimeficha gazeti ndani ya gunia la makaa. Joviale ameenda kuwasha moto, amelikuta, amempa Landry. Amesema mgeni apate la kufanya.
Basi nikapata wazo. Landry alipotoka uani, kwenye fumbo la kesho nimegeuza 3 iliyochapwa kuwa 8. Kazi safi! Sasa hata profesa hatalimaliza. Nimemwachia mezani, pamoja na penseli yangu, kama mutu mwema.

Jumanne, 20 Novemba
Tumeshinda sakafuni. Mabomu, halafu bunduki, halafu kimya. Jirani amepita akisema waasi wameingia, mji umepata wakubwa wapya. Maji hakuna, umeme hakuna.
Landry kifudifudi na fumbo langu. Anaandika, anafuta. Karatasi imetoboka! Bomu limeanguka karibu, hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na rozari. Nimemwonea wivu.

Jumatano, 21 Novemba
Habari: watu wa Kibati wengi wamelala kwenye shule moja hapa Keshero. Joviale akamwambia Landry akamtafute mke wake. Landry akasema amalize fumbo kwanza. Nikacheka. Joviale akanivuta jikoni.
“Papa Ciba, unacheka nini? Anaogopa kufika kule asimukute.”
Akasema tangu Jumapili Landry hasinzii. Akiweka gazeti chini tu, anaanza kuita jina la mke wake.
Nikafungua mdomo nimwambie kuhusu ile 8. Nikajikuta nasema nitaenda mimi.
Shule imejaa mpaka uani. Moshi, watoto, mbuzi. Nimeita jina la Apolline mpaka sauti ikakauka. Nimemkuta kwenye ukuta wa nyuma, mguu umevimba, sufuria mkononi. Alisema tangu afike anaulizia nyumba ya shemeji Luc, yaani mimi, yule bingwa wa namba. Hakuna anayemjua. Keshero nzima!
Hata hivyo nimembeba mgongoni mpaka nyumbani, na sufuria yake. Landry alipotuona akakaa chini palepale mlangoni, akalia kama mutoto. Nami nimelia kidogo. Joviale ameniambia mbele ya wote kwamba mimi ni mutu wa maana. Nimeona haya. Nimeapa: hila basi.

Ijumaa, 23 Novemba
Mguu wa Apolline unapona. Leo ameangalia lile fumbo lililotoboka, akasema hii 8 ina sura mbaya. Nimewalaumu wachapaji wa Ulaya. Landry amekubali. Amesema lakini anawashukuru, maana bila lile fumbo angekuwa kichaa. Nimejisahau, nimesema karibu. Wameniangalia.
Halafu wakafungua ukurasa mpya. Apolline anataja namba, Landry anaandika, wanacheka, wanagusana mabega. Nimetoa ushauri kuhusu 5. Hawakusikia. Wamemaliza kabla chai yangu haijapoa. Sasa wako wawili!
Joviale amesema niwaache, wamepata shida ya kutosha. Kweli kabisa. Nitawaacha.
Kesho asubuhi narudi kule shuleni. Ndugu za Joviale ni wengi, lazima kuna mwingine aliyepotea. Nitamleta nyumbani kwa moyo mweupe. Ila nitamuuliza kwanza kama anajua kuhesabu, tuwe wawili kwa wawili.