Namna ya Kuizima Tromboni ya Shemeji

Jumatatu, 2 Juni

Habari kubwa! Mwalimu wa bendi anastaafu. Katutangazia leo mazoezini huku akifuta miwani. Jumamosi ataagwa ukumbini, na siku hiyohiyo fimbo ya kuongozea bendi itakwenda kwa mmoja wetu. Nani? Hakusema. Alisema tu kwamba angependa kuagwa kwa wimbo mpya uliotungwa humuhumu ndani, na Alhamisi atasikiliza tutakachomletea.

Nilimwelewa mara moja. Mtunzi ndiye mrithi. Hakunitaja kwa sababu ya adabu, asiwavunje wengine moyo.

Naitaka fimbo ile. Naitaka mno. Mwalimu ndiye aliyenishikisha tarumbeta nikiwa sijaota ndevu, na tangu siku ile hajawahi kuniambia nimepiga vizuri. Nikimaliza husema, "Tuendelee." Miaka yote hii, tuendelee! Jumamosi ataniambia neno jingine.

Nikiwa katika mawazo hayo matamu, Shemeji akanyoosha mkono. Eti naye atatunga! Shemeji ni kaka yake mke wangu, fundi umeme, mpiga tromboni wetu wa pekee. Anacheka na kila mtu. Mtu anayecheka na kila mtu ana lake jambo.

Jumanne, 3 Juni

Nimetunga siku nzima dukani, kati ya fotokopi moja na nyingine. Mteja mmoja kaondoka na ukurasa wangu wa tatu ndani ya cheti chake cha kuzaliwa. Nimemkimbiza hadi kituo cha mafuta.

Watu hudhani kutunga ni kupata sauti tamu. Hapana! Kutunga ni kugawa, na mwenye kugawa hajipunji. Bendi yetu ni ya shaba tupu, vyombo vitano tu. Tarumbeta ya kwanza ni mimi: nimejipa wimbo wote, juu kabisa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinyozi na Fundi Viatu, tarumbeta ya pili na ya tatu, wananipamba kwa nyuma, nao huko huko juu. Tuba anapiga Nesi. Nimempa kutembea chini kwa chini, bum, bum, bila kusimama. Tromboni ya Shemeji nimeipa mapumziko, yaani alama za kukaa kimya. Ukurasa mzima, mbele na nyuma. Kwa sheria hakuna kosa. Mapumziko nayo ni muziki.

Mke wangu hasomi noti, lakini ukurasa mtupu anaujua. Akauliza ule ni wa nani. Nikamwambia ni nafasi ya heshima kubwa. Akasema kaka yake hatakaa mbele za watu kama mwanasesere, na kama ndivyo, nami nitafute pa kula. Nikafikiri. Nikamwongezea Shemeji mstari mmoja, mwisho kabisa, wakati watu wameshaanza kutafuta mikoba yao. Amani imerudi nyumbani.

Jumatano, 4 Juni

Nimempelekea Kinyozi sehemu yake. Alikuwa na mteja mwenye povu kidevuni. Akamwomba radhi, akachukua tarumbeta yake nyuma ya kioo, akajaribu. Hakufika hata nusu. Alishusha chombo, akashika mdomo, akaniuliza huu wimbo mtu anapumzika wapi.

Nikamwambia shujaa hapumziki.

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mdomo si chuma. Tarumbeta ikikaa juu muda mrefu, mdomo unachoka, na ukichoka haubembelezeki. Ndiyo maana watunzi hupokezana: tarumbeta kidogo, kisha tromboni ibebe, kisha tuba, tarumbeta irudi na nguvu. Tromboni tunayo, alisema, na mpigaji wake hana kazi.

Hapo nikagundua. Kinyozi katumwa na Shemeji! Kikulacho ki nguoni mwako. Hata mteja wa povu alikuwa akitikisa kichwa. Sijabadilisha noti hata moja.

Nesi naye kanisimamisha njiani, akiwa bado na sare ya kazi, akauliza anavuta pumzi saa ngapi. Alisema anauliza kama mtaalamu. Nikamjibu avute kwa siri.

Alhamisi, 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ulianza wimbo wa Shemeji. Moyo uliniruka, kisha ukatulia: wa kawaida tu. Kila mtu kapewa chake, kila mtu kapumzishwa. Kilichoniudhi ni kwamba sehemu tamu kuliko zote alinipa mimi. Mbinu hiyo! Anataka nimwonee haya. Niliipiga vizuri kwa hasira.

Kisha ukaja wangu. Mwanzo ulitia fora. Tulipaa! Katikati Fundi Viatu akaanza kupiga hewa. Baadaye Kinyozi akafifia. Mimi nilishikilia kwa meno, lakini mdomo wangu ukawa kama ndala iliyokatika, nikanyamaza kabla ya mwisho. Ikabaki tuba peke yake, bum, bum, na Nesi kawa mwekundu wa macho. Nikasema moyoni, nimekwisha. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Hapo ndipo Shemeji aliponyanyua tromboni. Muda wote alikuwa amekaa, ametulia, anahesabu kimya chake kwa kidole gotini. Mdomo mbichi kabisa! Mstari wake mmoja ulijaza chumba. Sauti pana, ya joto, hata madirisha yaliitikia.

Mwalimu alivua miwani. Akasema ule ni wimbo wa mtu anayezeeka: sauti zinamwacha moja baada ya nyingine, anadhani amebaki mtupu, kumbe ipo moja iliyokuwa ikimsubiri. Akaniuliza nimejifunzia wapi kuificha tromboni namna ile. Nikainamisha kichwa, kama mtu mwenye siri nyingi, nikasema nilihisi tu.

Akasema, "Vizuri."

Vizuri! Nililia chooni. Naandika ukweli, hakuna anayeona.

Shemeji akawa wa kwanza kunipa mkono. Alisema wake uwekwe kando, wangu ndio unaomfaa Mwalimu. Niliona haya, kweli niliona haya, mpaka tulipofika getini.

Ijumaa, 6 Juni

Sikupata usingizi wa maana. Jambo moja lilinisumbua. Wimbo ni wangu, lakini wakati Mwalimu anavua miwani, nani alikuwa anapiga? Shemeji! Jumamosi ukumbi mzima utamtazama nani? Shemeji! Nimempa jirani kuku na yai juu.

Dawa imepatikana kabla ya chai. Mstari wa mwisho nimeuhamishia kwenye tarumbeta ya kwanza. Uleule, ila juu zaidi. Tromboni inabaki na mapumziko kutoka mwanzo hadi mwisho, kama nilivyokusudia tangu awali kabla siasa za nyumbani hazijaingilia. Nimechapa kurasa mpya dukani na kuzipeleka mwenyewe.

Shemeji alikuwa juu ya ngazi, nyaya shingoni. Alitazama karatasi yake, akaigeuza, akatazama nyuma. Nikamwambia ni marekebisho madogo ya kitaalamu. Nilisubiri anune. Alisema sawa, shemeji, ataihesabu. Akaniomba nimpasie bisibisi.

Kuhusu mdomo: kesho nitaupaka mafuta.

Jumamosi, 7 Juni

Ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa madirishani. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Mke wangu alikuwa pembeni yake na gauni jipya. Niliona kila kitu, kwa sababu sikutazama noti. Nilikuwa nazijua.

Tulianza vizuri kuliko Alhamisi. Fundi Viatu akaanguka palepale pake. Kinyozi akafuata, ananitazama kwa jicho la nilikwambia. Mimi nikashika! Nikashika! Nesi akabaki chini peke yake, na mimi nikavuta pumzi ya mstari wa mwisho, wa kwangu, juu kabisa.

Ikatoka fyuuu.

Nikajaribu tena. Fyuuu. Hewa tupu, na mafuta kidogo. Mke wangu alifumba macho. Mwalimu alinyanyua uso, na nikaona anausubiri ule mstari kama mtu anayemsubiri mgeni mlangoni. Nikatamani sakafu ipasuke.

Ndipo pembeni yangu, bila haraka, tromboni ikaingia. Mahali penyewe hasa! Karatasi ya Shemeji haikuwa na noti hata moja, lakini alikuwa amehesabu kimya chote, na mstari alikuwa anaukumbuka. Aliupiga kwa upole kuliko Alhamisi. Mwalimu alilia waziwazi. Watu walisimama. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, kwa hiyo nikainama kushukuru.

Mwalimu alipanda jukwaani. Alinishika bega, akawaambia watu wote kwamba huyu ndiye mtunzi na kwamba wimbo huu atakwenda nao nyumbani. Nikanyoosha mkono kupokea fimbo. Akaupita mkono wangu. Alikuwa ameiona ile karatasi tupu kwenye kinara cha noti cha Shemeji. Akasema bendi apewe mtu anayewasikiliza wenzake hata asipokuwa na cha kupiga. Akampa Shemeji.

Niliumia. Siandiki zaidi. Ila nilipiga makofi, na mke wangu alinishika mkono njia nzima hadi nyumbani, na tulipofika akanipakulia mara mbili.

Jumapili, 8 Juni

Mdomo umevimba kama andazi. Nimeamka mzima.

Shemeji kaja asubuhi na kiti chake mwenyewe, maana anavijua viti vyetu vilivyolegea. Kama kiongozi wa bendi, neno lake la kwanza ni kuniomba nitunge wimbo mwingine. Alisema bendi ina bahati kuwa na mtunzi, na kwamba safari hii vyombo nichague mwenyewe, yeye hataingilia. Mke wangu aliniangalia kwa jicho la kunionya. Nikamwambia Shemeji nitalifikiria.

Nimeshalifikiria! Nimetafakari yote ya wiki hii kwa utulivu, na kosa nimeliona lilipo. Vyombo vilikuwa vingi mno. Ukiwa na tromboni, kuna hatari ya tromboni. Ukiwa na watu watano, lazima awepo wa kuwaongoza.

Kwa hiyo wimbo mpya ni wa tarumbeta moja. Hauhitaji kiongozi. Ukurasa wa kwanza umekamilika, uko juu kabisa, na sijaweka pumziko hata moja.