Ringi Iliyoimba Vizuri

Jumatatu, 13 Julai 1992
Baridi. Mwaka wa pili napakia moramu kwa koleo machimboni Terrat, mgongo umekwisha. Imetosha! Leo nimemwendea fundi Abdulhalim pale Kaloleni, anayesuka magurudumu ya pikipiki. Anataka mtu mmoja wa kukaa naye benchini. Tuko wawili: mimi, na Philemoni, Mmeru wa hapa hapa, mwenye suruali mpya ya mtumba, anadhani hiyo ni elimu. Jumamosi fundi anachagua. Nikikosa, narudi kwenye koleo.

Jumanne, 14 Julai
Spoki thelathini na sita! Hii inapita juu ya ile, ile chini ya hii, mpaka kichwa kinauma. Nimezipachika mara nne, mara zote nne zimeziba tundu la valvu. Philemoni akauliza kama kwetu Dodoma upepo tunajaza kwa maombi. Nikamshitaki kwa fundi. Fundi akasema hakusikia kitu. Mwongo! Alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Jumatano, 15 Julai
Nimeipata siri! Fundi akishasuka, huzungusha gurudumu, husogeza chaki karibu na ringi, kisha hugonga spoki moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Kumbe ni sauti! Chaki ni geresha ya kutupumbaza. Na mimi nimepiga ilimba, vile vyuma vyetu vya vidole gumba, kwenye harusi za Wagogo tangu sijaota ndevu. Philemoni anakodolea chaki macho. Maskini.

Alhamisi, 16 Julai
Mtihani. Pikipiki ya Mwinjilisti Elihuruma, anayeihitaji Jumamosi kwenda Makumira. Philemoni gurudumu la nyuma, mimi la mbele. Fundi kaonya kwamba eti spoki kujaa madukani siku hizi si sababu ya kuzivunja. Alikuwa ananitazama mimi. Kwa nini mimi?

Philemoni kamaliza saa nane mchana. Lipua lipua tu. Mimi bado naweka sauti.

Ijumaa, 17 Julai
Fundi kashinda Ngaramtoni. Nimemaliza! Spoki za sauti ya juu, za sauti ya chini, nne nne, kama ilimba yenyewe. Nimepiga wimbo mzima wa mavuno juu ya gurudumu. Mama Hedwiga, muuza uji wa hapo nje, akacheza na upawa mkononi. Philemoni akasema ringi imekaa kama yai. Wivu. Nimelifunga gurudumu kwenye pikipiki mwenyewe.

Jumamosi, 18 Julai
Mwinjilisti kawahi kuliko fundi. Shikamoo, marahaba, nikamkabidhi upesi, ili fundi akifika akute mteja ameshasifu kazi yangu. Akapanda. Usukani ukaanza kumkatalia kama punda. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akaingia kwenye uji wa Mama Hedwiga. Akainuka, uji hadi magotini, akasema Bwana asifiwe, kisha akauliza nani kasuka. Philemoni akaninyooshea mkono mzima. Kidole kimoja hakikumtosha!

Fundi akaja. Akazungusha gurudumu, akasogeza chaki. Ikagusa sehemu moja, kwingine kote hewa. Akaniita pembeni.

"Chilongani, ndugu yangu, gurudumu hunyooshwa kwa macho. Masikio ni ya kutafuta spoki iliyolegea tu."

Benchi kapewa Philemoni. Mimi koleo. Na hakuna aliyeuliza hata wimbo ulikuwa upi!

Jumapili, 19 Julai
Kanisani. Kikundi cha tarumbeta kilipopiga, moja likakoroma kama mgonjwa. Ibada ilipoisha nikamwamkia kiongozi wao, Mzee Aminiel, nikamwambia mimi ni fundi, nimetoka kwa Abdulhalim jana tu. Hapo sikusema uongo. Akanipa tarumbeta hilo bovu limeviringishwa kwenye kitenge, akaniombea baraka. Nikifaulu, atanitangaza sharika zote mpaka Usa River. Kwaheri moramu!

Kosa langu nimelijua: nilitumia masikio. Safari hii macho tu, silipulizi hata mara moja. Jioni nimelitazama vizuri juani. Masikini Mzee Aminiel! Bomba limepinda huku, likakunjika kule, likarudi lilikotoka. Ajabu limelia miaka yote hii.

Kesho nikitoka Terrat naanza kulinyoosha.