Riwaya Yangu Ilivyosukwa

Jumatatu, 10 Novemba

Mswada umerudi. Umerudi na uzito uleule uliokwenda nao, isipokuwa jalada limeongezwa duara la kikombe cha chai. Mhariri kaambatisha karatasi. Anasema kafika ukurasa wa tisini na shujaa bado kasimama dirishani. Anauliza, kwa heshima zote, kama kuna siku ataketi.

Fasihi kaisomea wapi huyu? Shujaa wangu hasimami tu. Anatafakari!

Dada akaninyang'anya karatasi kabla sijaitafuna. Akaisoma kwa sauti, mezani, mumewe akisikia. Shemeji alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Shemeji anauza magodoro, kwa hiyo kila kitu duniani hukipima kwa inchi. Akataka kujua riwaya yangu ni ya inchi ngapi, na kama ikikaliwa inarudi.

Hukumu ya dada ikatoka papo hapo. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo niwe na mkataba wa kitabu. La sivyo naingia dukani kwa shemeji kuuza magodoro, na chumba changu kinageuzwa stoo. Nikamwambia msanii hapangiwi tarehe. Akaniambia basi msanii na asipikiwe pia.

Nimerudi chumbani nikakuta godoro limeshaegemezwa ukutani. Bado lina nailoni yake. Linanitazama.

Jumanne, 11 Novemba

Ushindi! Adui kaonyesha kisogo, na kisogo chenyewe kina mistari.

Dada karopoka bila kujua: yule mhariri husukwa kwa Mama Vidole, saluni ya pale kona, na miadi yake ni Jumamosi hii. Nikaacha uji unapoa. Mwanamke anayesukwa hana pa kukimbilia. Kichwa kimeshikwa. Nusu imesukwa, nusu imesimama kama mwenge. Hata moto ukizuka atafikiria mara mbili kabla ya kutoka barabarani.

Mpango ni huu: Mama Vidole amsomee riwaya yangu, asitaje mwandishi. Mhariri atalia. Jumatatu naibuka ofisini kwake na kusema kwa upole, mama, aliyekuliza ni mimi.

Nikaenda saluni na mswada kwapani. Mama Vidole ni mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Akanitazama utosini, penye uwanja wa kipara, akasikitika, akasema pole kaka, hapo hata yeye hana la kufanya. Nikamweleza shida yangu. Akakubali upesi mno. Kumbe redio ya saluni imeharibika na wateja wameanza kusengenyana ana kwa ana.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikufikiria mikono!

Nimepita saluni kuona maandalizi. Vidole vyote kumi vya Mama Vidole vilikuwa ndani ya kichwa cha mteja. Mswada ulikuwa juu ya kabati, umekaliwa na kopo la mafuta. Nikauliza, sasa karatasi atashika nani? Akaniambia nisihangaike, kashaisoma nyumbani, ataisimulia kwa mdomo huku anasuka. Ameshaanza kuijaribu kwa wateja. Mabutu makubwa hupewa hadithi fupi. Rasta nyembamba hupewa yote.

Nikamsihi asipunguze hata tone. Akaapa kwa chanuo lake kwamba hapunguzi kitu.

Mteja aliyekuwa kitini, muuza mitumba mwenye shingo ya kibingwa, akanigeukia na nusu ya kichwa. Akataka nimwambie mapema, kwenye sanduku la mama mkwe mna nini? Nikacheka. Nikamfafanulia kwamba mama mkwe ni mhusika mdogo mno. Ukurasa wa mia na kumi na mbili mama wa mkewe shujaa anaingia na sanduku, anasalimu, anatoka. Sentensi moja. Lengo ni kuonyesha kwamba maisha ni mapito.

Yule muuza mitumba akaniambia, kaka, mtu mzima haingii nyumba ya watu na sanduku halafu akatoka hivihivi, hiyo nyumba ina jambo. Wenzake wakamwitikia kama wako msibani.

Wasomaji wa chini hung'ang'ania vitu. Nimewasamehe.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya siku. Nilitaka kuyaona machozi kwa macho yangu, ila mhariri ameshawahi kuniona pale mapokezi kwao. Nikajifunga taulo usoni hadi puani na kukaa chini ya ile kofia kubwa ya kukaushia nywele. Mama Vidole akawaambia wateja kwamba mimi ni baba mwenye mafua ya kichwa, natibiwa kwa mvuke.

Sikujua kuwa kofia ile inanguruma. Hata neno moja sikusikia! Joto nalo likanikaanga uwanja wa utosini kama kaango lisilo na mafuta. Lakini macho yalikuwa yangu. Mhariri aliketi mbele ya kioo na Mama Vidole akaanza, mdomo na vidole vikikimbizana. Baada ya muda mhariri akaacha kutazama simu. Kisha akacheka akijipiga paja. Kucheka wapi? Kitabu changu hakina mahali pa kucheka. Muuza mitumba, ambaye nywele zake zilikwishasukwa juzi na hakuwa na shughuli yoyote pale, akafunika mdomo kwa kanga. Na mwisho, naam, mhariri akaomba kitambaa, akajifuta jicho la kushoto, halafu la kulia.

Macho mawili!

Nikautwaa mswada wangu kabatini, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikiwa mwekundu kama nyanya na mwenye furaha kuliko bibi harusi. Njiani nimeshaanza kutunga hotuba ya uzinduzi. Nimemwambia dada aliondoe godoro chumbani. Kasema Ijumaa haijafika. Wivu.

Jumatatu, 17 Novemba



Nilifika ofisini kwa mhariri nimevaa koti la shemeji, ambalo yeye hajui kama nimelivaa. Mhariri alikuwa na rasta mpya, nzuri, na uso wa mtu asiyelala vizuri kwa kuwaza jambo tamu. Nikamwambia kwa upole, mama, ile hadithi ya Jumamosi, mwenyewe ni mimi.

Akasimama. Akanipa mkono. Akaniketisha kiti chenye mto. Akasema toka aanze kazi hii hajapata kuona mama mkwe kama yule. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndipo akauliza, kama mchezo tu, lile wazo la kilichokuwamo sandukuni lilinijiaje?

Nikasema, nguo.

Akaacha kutabasamu. Akauliza tena, taratibu, ndani ya sanduku la mama mkwe mlikuwa na nini? Nikabadili: nguo na viatu. Nikaona haitoshi, nikaongeza taulo.

Akaniambia lilikuwa tupu. Sanduku lilikuwa tupu! Mama yule alisafiri na sanduku tupu kuja kupakia nguo za binti yake na kumrudisha nyumbani, kwa sababu mumewe anashinda dirishani na hata chumvi hajui inatoka wapi. Na yule mwanamume alitazama nje, akiwaza, mpaka mkewe akapita chini ya dirisha lile na sanduku kichwani, na bado hakumtambua. Mhariri alipofika hapo akajifuta tena jicho la kushoto. Halafu sauti ikamtoka kali kama kiwembe. Akasema anashangaa mwanamume mzima kumwibia msusi hadithi yake, tena na koti la kuazima.

Maana nilikuwa nimesahau kukata karatasi ya bei ya dobi kwenye kola, yenye jina la shemeji.

Nikatoa mswada kwa kishindo. Huu hapa ushahidi! Akafunua, akasoma mistari miwili, akanyanyua macho. Huu si ule niliokurudishia? Akatafuta mama mkwe, akaipata ile sentensi moja, akaisoma mara mbili. Akaniuliza kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma, hivi ulimwona anaingia na sanduku na hukumfuata?

Nikamjibu kwamba shujaa wangu alikuwa bado hajamaliza kutafakari.

Jumatano, 19 Novemba

Mama Vidole kapewa mkataba. Yeye atasimulia, ofisi itampa mwandishi wa kunakili. Alikuja mwenyewe kunieleza, na keki mkononi. Nikamkumbusha kwamba aliapa. Akasema kiapo chake kiko palepale, hakupunguza kitu, aliongeza tu. Hata hivyo hana kinyongo. Kwenye ukurasa wa shukrani nimo, nyuma ya mtengeneza redio: "na jirani aliyeniazima karatasi."

Dada badala ya kunitetea alimvuta kiti, akamkatia keki yake mwenyewe, akamwomba amsimulie tokea mwanzo. Shemeji aliyekuja kudai koti lake akasimama mlangoni kusikiliza kidogo, akaishia kukaa chini. Palipofika sanduku alimtazama mkewe, kisha akainuka na kuosha vikombe. Haijawahi kutokea katika nyumba hii.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuwa na mengi ya kuwaza.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya kwanza dukani. Chumba changu sasa kina magodoro hadi darini, na mimi nalala juu ya lile la juu kabisa, pua ikigusa bati. Dada kasema angalau nimepanda cheo.

Asubuhi nzima hakuna aliyenunua. Wateja huja, hubonyeza kwa kidole, huondoka. Saa tano akaingia mama mmoja anayeumwa mgongo, akajinyoosha kwenye godoro la inchi nane kulijaribu, akalalamika kwamba toka mwezi jana hajapata usingizi. Nikaona ni dalili. Mswada ninao daima. Nikavuta stuli, nikamsomea sura ya kwanza, bila kuruka neno.

Ukurasa wa pili alifumba macho, bila shaka ili alione vizuri lile dirisha. Ukurasa wa nne mdomo ukamfunguka kwa mshangao. Ukurasa wa sita akaanza kuguna kwa hisia, maguno marefu ya puani, yenye kupanda na kushuka. Wateja wawili wengine wakasogea, wakalala magodoro ya jirani ili wasipitwe. Nao wakaguswa vilevile.

Alipoinuka, mama yule alikuwa na machozi pembeni mwa macho. Alisema hajapata kukutana na kitu kama hiki maishani mwake. Kanunua mawili. Wale wenzake mojamoja.

Shemeji alinishika mabega, macho yakimng'aa. Kasema nisome kila siku, asubuhi na mchana, na nisithubutu kubadili hata koma.

Hatimaye nimempata mhariri anayeijua kazi yake.