Malalamiko ya Kugongwa Ndani ya Kompyuta

Kwa Papa Christophe-Aimé, Mkurugenzi wa ofisi inayofundisha magari yasiyo na dereva, Kamembe

Papa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kuliko mnavyoniacha mimi. Ninaitwa Mwavita, muuza sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani. Navuka mpaka wa Rusizi I kila siku, beseni kichwani. Mlipoalika majirani waje kuona kazi yenu, mlituonyesha barabara yetu ndani ya kompyuta, na gari linalojifunza humo: likienda vizuri linapewa pointi, likikosea linanyang'anywa, kisha linaanza upya. Tulipiga makofi. Halafu nikajiona mimi mwenyewe nikigongwa mbele ya umati. Nikaamka, nikagongwa tena.

Nalalamika kwa heshima zote kama ifuatavyo:

1. Kamera yenu ilinichukua asubuhi niliyokutana katikati ya barabara na mkwe wangu Védastine, mama wa mke wa mwanangu. Kwetu mkwe hapungiwi mkono kwa mbali. Nilitua beseni, tukakumbatiana, nikauliza habari za nyumba nzima pamoja na mifugo. Ninyi mkamfuta Védastine ili kompyuta isielemewe, mkanibakiza mimi. Sasa nasimama barabarani nakumbatia hewa kama mama aliyerukwa na akili, na hapo ndipo gari linaponikuta.

2. Likinigonga, gari linapoteza pointi na kila mtu ofisini analihurumia. Aliyegongwa ni nani? Naomba nami nipewe pointi zangu, na za sambaza, maana zinamwagika kila mara.

3. Siku moja gari liligundua kwamba likikaa tu limeegeshwa halimgongi mtu wala halikosei. Kijana wenu Gad alisema linadanganya. Hapana, Papa, siku hiyo lilikuwa na akili kuliko madereva wote wa wilaya. Ninyi mkalinyima pointi mpaka likarudi barabarani kunitafuta.

4. Nimeangalia sana wanaolazwa chini humo. Ni wenye mabeseni, wenye baiskeli na wabeba magunia. Sikuona hata mheshimiwa mmoja. Inaniuma, nasema wazi. Hata katika mchezo ni sisi tu?

Kwa hiyo naomba mniondoe humo mara moja. Kama nafasi yangu humo haiwezi kubaki wazi, uingie wewe mwenyewe, Papa, ukumbatie hewa.

Wasalimie wafanyakazi wote, Gad, na mama anayewapikia chai. Lisalimie na gari pia, lenyewe ni mwanafunzi tu.

Ni mimi, mwenye mwili mmoja usioanza upya,
Maman Mwavita

N.B. Naongeza haya nikiwa mlangoni kwenu. Nikija, nimekutana na Védastine barabarani, tukasalimiana. Likaja gari lenu la majaribio, mwanafunzi yule yule wa kompyuta lakini la chuma kweli, Gad ndani mikono magotini. Likasimama mbali. Nyuma yake mheshimiwa mmoja akapiga honi, akatoa kichwa dirishani: "Bamaman, mutoke mu barabara, muko natukawisha!" Gari lenu halikusogea hata kidogo mpaka tulipoagana. Navuka hapa tangu usichana wangu, Papa, na hakuna dereva aliyewahi kunisubiri. Msiniondoe. Endeleeni kunigonga.