Punje za Kumzuia Bi Zeyana

Jumanne, 3 Septemba 1974
Bi Zeyana anahama! Mjane wangu (mwenyewe hajui kama ni wangu) ametangaza barazani kwake, hapa Mtendeni: maulidi ya kufunga madrasa yakisomwa Ijumaa, kesho yake treni, Mwanza kwa bintiye. Sababu? Maji. Ati visima vyetu vimejaa chokaa, birika lake limeota ukoko kama gamba la kobe, kahawa imepoteza ladha. Nikamwambia ukoko si kitu, hata mimi ninao na bado nachemka. Akasema nirudishe kikombe niende zangu. Nilichelewa kukirudisha. Kilikuwa na joto la vidole vyake.

Jumatano, 4 Septemba
Karakana ya reli, nilikozeekea nikichochea moto wa treni. Justus, kijana wa kupima maji, ana punje ndogo kama mtama. Zinayanyang'anya maji chokaa, zinayaachia chumvi kidogo. Zikishiba, unaziogesha maji ya chumvi, zinaanza upya. Ubaya wake, maji ya moto huziua, wanatafuta zinazovumilia. Joto? Mimi na joto tumekula sahani moja! Nitazifinyanga mwenyewe. Justus akanipa shikamoo ya kufukuzia kuku.

Alhamisi, 5 Septemba
Udongo wa mfinyanzi. Nikauchoma kidogo: ndani ya maji ya moto, uji wa tope! Nikauchoma sana: changarawe, haishiki hata harufu. Hilali, jirani mwenye lori na jino la dhahabu, akachungulia ukutani akauliza kama napika futari kabla mwezi haujaandama. Nikamjibu hii ndiyo kujitegemea. Akasema Bi Zeyana amemwomba ampelekee masanduku stesheni. Lori! Mwenye lori hana haja ya kuwa na sura.

Ijumaa, 6 Septemba
Zimekubali! Moto wa kiasi. Zimechemka na hazikuyeyuka. Nikazilaza kwenye maji ya chumvi ya Uvinza, chumvi aliyoibeba babu yangu kichwani kwenye misafara. Maulidini kahawa ilikuwa ya Bi Zeyana; alipogeuka, nikazitumbukiza birikani zikiwa kitambaani.
Kusuuza? Justus hakusema kusuuza. Labda alisema. Nilikuwa nawaza vidole.
Shehe akanywa, akafumba macho. Nikajua ni utamu. Akauliza kwa upole nani ametia bahari birikani. Hilali akaitemea kanzu yake mwenyewe, alhamdulillahi. Bi Zeyana akakivuta kitambaa, akanitazama, akasema Mfaume, mtu mzima mzima! Kisha akacheka. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Tangu afiwe sijausikia mcheko ule. Basi, anabaki.

Jumamosi, 7 Septemba
Habaki. Dirishani mwa behewa aliniambia kila akinywa kahawa isiyo na chumvi atanikumbuka. Treni ikaondoka. Nilisimama mpaka moshi ukaisha. Hilali akanikaribisha lorini. Nikakataa, nikarudi kwa miguu. Nikapitia barazani kwake. Pamefagiwa. Nikakaa kidogo. Hata harufu ya kahawa hakuniachia.

Jumapili, 8 Septemba
Justus anasema maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa, Mwanza kahawa itamtoka vizuri mno. Kumbe shida ni hiyo, hatakuwa na sababu ya kurudi! Nimeanza kufinyanga punje za kinyume, za kutia maji chokaa. Ziwa ni kubwa, najua. Ndiyo maana nimekwenda kumwamkia Hilali kwa adabu zote. Nahitaji lori zima la udongo.